Nyani wa Bati wa Mtaa wa Sikukuu

Jumapili, 6 Machi 1983

Mvua ya kwanza ya masika imekuja leo, ya kuonja tu. Imelaza vumbi la Mtaa wa Sikukuu ikaenda zake. Nimerudi misa ya Msimbazi na matope viatuni, nikamkuta mwenye nyumba wangu, Mwinyimvua, barazani, kaifumua stovu ya mtu vipande vipande.

"Mngoni," akaniita, "tumekutuma kwa Mungu ukaombe mchele, wewe umerudi na matope."

Nikamjibu kwamba Mzaramo asiyatukane matope, maana babu zangu walipowatimua babu zake, matope ya mikoko ndiyo yaliyowaficha. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Ndivyo tunavyoishi, mwaka wa saba huu. Wapangaji wengine wananiita Mama Evarista, kwa jina la binti yangu aliye Songea kwa bibi yake. Yeye ananiita Mngoni, mateka, mla panya, na mimi namlipa hivyo hivyo. Sisi ni watani, na mtu asiyekutukana si mtani wako.

Jioni akatoa garimoshi jekundu la bati, kwa kuwa leo ndiyo siku yake. Mzee huyu ana sanduku chini ya kitanda lenye vitu vya kuchezea vya zamani, vile vya kutia ufunguo, alivyookota na kuvitengeneza tangu enzi za Mwingereza. Kila kimoja kina siku yake ya mwaka. Siku ikifika anakitoa barazani, watoto wa mtaa wanajaa, anapiga kelele, "Siku kama ya leo!" kisha anahadithia. Garimoshi ni la Ghana. Siku Ghana ilipopata uhuru yeye alikuwa boi Oysterbay. Bwana wake alisikia habari redioni akanuna, na mtoto wa bwana, siku hiyo hiyo, akalitupa garimoshi lake dirishani kwa kuwa limekataa kwenda. Mwinyimvua akaliokota. "Nkrumah kapata nchi, mimi nikapata treni," anasema kila mwaka, na kila mwaka tunacheka.

Jumatano, 9 Machi

Foleni ya sukari dukani ninakofanya kazi tangu alfajiri. Sukari yenyewe hakuna. Nimetukanwa na watu nisiowajua.

Jumamosi, 19 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo makarani wengi wa maduka ya ushirika wanalifanya, na kila mmoja anaapa halifanyi. Sabuni ilipoingia, kabla mlango haujafunguliwa, nimejitengea katoni nzima. Miche michache ya kupeleka Songea, na iliyobaki, tuseme kweli, ya kuuza.

Mwinyimvua amenikuta Mtaa wa Kongo nimeelemewa, akanipokea katoni akaitia begani. Nilikuwa nimeifunika kanga. "Uzito huu si wa mihogo, Mngoni." Nikamwambia ni mafuvu ya Wazaramo. Akaibeba mpaka chumbani kwangu, akaiweka nyuma ya pipa la maji, akatoka bila kuuliza zaidi.

Jumamosi, 26 Machi

Mjini hakuna mazungumzo mengine ila wahujumu uchumi. Serikali imetangaza vita, msako umeanza, na watu wanatupa mali. Nimepita Mchafukoge nikaona marobota ya vitenge mtaroni na makopo ya maziwa ya unga yakielea. Mvua ilipopamba moto mitaro ikaanza kutoa povu, povu jeupe linalonukia, kwa sabuni iliyotupwa. Watoto wakavua nguo wakaogea humo humo.

Nilisimama chini ya mwavuli nikiwacheka matajiri. Katoni yangu mimi nimeisogeza tu, imeingia ndani zaidi nyuma ya pipa. Kutupa sabuni nzima nzima, na watu hawana hata ya kuoshea maiti! Roho iliniuma nikaiacha.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Njia ya Msalaba kwenye mvua. Nimesali huku nawaza katoni.

Alhamisi, 7 Aprili

Siku ya kufa kwa Karume. Mwinyimvua hatoi kitu siku za msiba. Mvua kutwa.

Jumamosi, 9 Aprili

Waliingia mtaani kwetu asubuhi, askari mmoja na mgambo watatu. Mbele yao alikuwa Bushiri, balozi wetu wa nyumba kumi, na sura ya mtu anayeumwa jino. Bi Sitara, mke wa Mwinyimvua, alikuwa amekwenda Feri kutafuta samaki. Barazani tulikuwa wawili tu, mimi na mtani wangu. Askari akasema watakagua chumba kwa chumba, akauliza waanzie wapi.

"Anzeni na huyu Mngoni," Mwinyimvua akasema. "Mateka wetu huyu, alitoroka zamani. Mkimpata na kitu, mali ni yangu, maana hata yeye ni mali yangu."

Bushiri akacheka. Mgambo mmoja naye akacheka. Mwinyimvua alijua vizuri kilichokuwa nyuma ya pipa langu, alikibeba yeye. Sasa hivi, nikiwa nimetulia, naamini alitaka wacheke wapite, kwa sababu anayecheka hakagui sana. Lakini mimi niliposikia "anzeni na huyu", niliona pipa langu tu. Nikapaza sauti:

"Mimi? Mwulizeni yeye anaficha nini chini ya kitanda! Sanduku zima la vitu vya Ulaya na Japani, kalifungia tangu ukoloni! Mhujumu mkubwa ndiye huyu!"

Mwinyimvua akapiga makofi kwa furaha. Kwa utani lilikuwa jibu zuri, moja ya majibu yangu bora. Askari peke yake hakucheka. Ni kijana wa huko Kanda ya Ziwa, mgeni mjini, hajui huku kwetu nani mtani wa nani. Akauliza, "Sanduku liko chumba gani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Natania, afande, huyu ni mtani wangu. Maneno hayo hata mtoto angeyasema. Bushiri aligeuka akanitazama, akingoja niseme. Mwinyimvua naye alinitazama, bado anatabasamu, akingoja nicheke ili na yeye acheke. Nikaangalia mvua ikidondoka kwenye makuti ya paa la jirani, kama vile sijawahi kuona mvua.

Wakalitoa sanduku uani. Kila kitu kilikuwa kimefungwa gazeti. Wakafungua nyani mpiga matoazi, kuku wa kudonoa, roketi, garimoshi, mwanasesere wa kufumba macho. Askari akasoma maandishi ya Kijapani, yaani hakuyasoma, aliyaona tu, akasema hizi ni bidhaa za nje zilizofichwa na mwenyewe hana risiti. Nani ana risiti ya kitu alichookota jalalani? Wakampandisha Landrova na sanduku lake. Chumba changu hawakukigusa, walishapata walichokuja kutafuta.

Gari lilipokata kona nikaingia ndani, nikabeba sabuni, nikaitumbukiza chooni, mche mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo najiuliza kama nilitania. Mdomo ulitania, nadhani. Lakini mtu anayetania haoni nafuu moyoni mwenzake anapopandishwa gari, na mimi niliiona nafuu hiyo, niandike nisiandike. Bi Sitara amerudi na changu wawili. Nikamwambia wamemchukua mzee. Sikumwambia kwa nini.

Jumapili, 10 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 11 Aprili

Miaka minne tangu vijana wetu waingie Kampala. Redio imepiga bendi za jeshi kutwa.

Mtaa umeamua kwamba aliyemchoma Mwinyimvua ni Bushiri. Nani mwingine, kama si balozi aliyewaleta? Zamda wa maandazi kakataa kumuuzia, kamwambia chai ya msaliti hainyweki na maandazi yake. Wanawake uani wakasonya, nikasonya nao. Bushiri alisimama kibarazani kwa Zamda na senti zake mkononi, akaniona, akazirudisha mfukoni.

Jumanne, 12 Aprili

Siku kama ya leo Mrusi yule, Gagarin, alikwenda angani akarudi. Ni siku ya roketi. Mwinyimvua huitia ufunguo, ikatoa cheche mkiani, naye akahadithia jinsi walivyosikia habari kwa kinyozi, na kinyozi akamkata mteja sikio kwa mshangao.

Watoto walikuja jioni kama kila mwaka. Wakakaa barazani kwa mpangilio, wadogo mbele. Hakuna aliyewaambia waje, wanaijua siku. Wakakaa mpaka giza likaanza, mmoja akaniuliza, "Mama Evarista, babu leo hatoi?"

Nikasema amesafiri. Mtoto akasema, "Mama kasema yuko lokapu." Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kituoni. Nimefika getini. Mbele yangu palikuwa na mwanamke mwingine, wakamwuliza jina, kisha wakamwuliza anafanya kazi wapi. Kusikia hilo la pili, nikageuka. Nimenunua mafungu mawili ya mchicha ili niwe nimekwenda mahali.

Jumamosi, 16 Aprili

Mali zilizokamatwa zimetandazwa uwanjani ili wananchi wajionee. Duka zima tulipelekwa kwa mguu, meneja mbele. Tulipita mstari kandokando ya maturubai kama watu wanaomuaga marehemu. Matairi, kanga, betri, mafuta ya kupikia, sabuni, milima ya sabuni. Halafu kwenye pembe moja, juu ya gunia, vitu vya Mwinyimvua. Vimepangwa kwa urefu, kama wanafunzi.

Watu wakaangua kicheko. "Kumbe wahujumu nao wana watoto!" mmoja akasema. Kijana mwingine akainama akamtia nyani ufunguo. Nyani akaanza kupiga matoazi yake, cha-cha-cha, akijizungusha juu ya gunia na jicho lake moja.

Nyani ni wa mwaka sabini na moja, majumba yalipotaifishwa. Familia ya Kihindi ya ghorofani Mchafukoge ilifunga virago, mtoto wao wa kike akamkabidhi Mwinyimvua nyani mbovu amtengenezee, akasema atakuja kumchukua Jumamosi. Mwinyimvua alimtengeneza. Kila mwezi wa nne humtoa barazani akasema, "Mwenyewe huenda akapita leo." Hiyo ndiyo hadithi pekee anayoisimulia bila kucheka.

Watu walikuwa wanacheka. Scholastika, karani mwenzangu, akanipiga kikumbo, "Cheka basi, mbona umenuna?" Nikacheka. Nimeandika ili isije ikasahaulika. Nilicheka, tena kwa sauti.

Jumatatu, 18 Aprili

Bushiri amenisimamisha njiani kutoka kazini, mvua inatunyeshea sote.

"Mama Evarista, mimi wananitemea mate, nimenyamaza," akasema. "Nimenyamaza kwa kuwa yale yalikuwa maneno ya watani, na maneno ya watani hayapelekwi mahakamani. Nikikutaja hadharani, nitakuwa nimeushitaki utani. Lakini wewe mwenyewe waweza kwenda."

Nikamwambia nina homa. Akanitazama, akanifunika na mwavuli wake mpaka mlangoni kwangu, yeye akilowa. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 20 Aprili

Bi Sitara ananipa chakula kila siku. Anasema hawezi kupika kidogo, amezoea mkono wa watu wawili. Asubuhi anapeleka bakuli kituoni, jioni ananiletea langu. Leo wali wa nazi na dagaa. Anakaa kunitazama nikila. Tonge limenikwama, akanigonga mgongoni taratibu akasema, "Kula, mama, yatakwisha."

Ijumaa, 22 Aprili

Mvua. Homa ya kweli sasa, labda Mungu kasikia uongo wangu akautimiza.

Jumatatu, 25 Aprili

Nimekwenda. Sitaki kujisifu, sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa nimechoka tu kula wali wa Bi Sitara.

Nikamkuta yule yule askari wa Kanda ya Ziwa mezani. Nikamweleza jina langu ni Hyasinta, mahali pa kazi nikataja kabla hajauliza, na kwamba yale niliyosema siku ile ni utani, Wangoni na Wazaramo tunataniana hata msibani. Nikamwambia pia, bila kupumua, kwamba chumbani mwangu kulikuwa na katoni ya sabuni ya dukani, na hiyo ndiyo sababu sikusema palepale.

Hakuandika chochote. Akaweka kalamu chini.

"Iko wapi hiyo sabuni?"

"Chooni, afande."

"Basi kaa nayo huko huko. Mimi siingii choo cha mtu kutafuta ushahidi." Akajifuta uso, kijana wa watu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mama, sanduku lile tulijua ni takataka siku ya pili tu. Wakubwa walitaka majina. Tukamwambia mzee, taja mtu mmoja mwenye mali, uende nyumbani. Tukamwuliza juu yako hasa, yule mama aliyekuchoma ana nini chumbani? Akasema hajanichoma, ni mtani wangu. Chumbani kwake mna pipa la maji na picha ya Bikira Maria, naapa. Kila siku tunamwuliza, kila siku anaapa."

Nilikuwa nimesimama, nikaomba kukaa. Siku kumi na sita ameapa kwa ajili yangu. Yule kijana akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

"Jina lake limo kwenye orodha ya kuachiwa wiki hii," akasema. "Tangu Ijumaa. Hukuwa na haja ya kuja."

Jumanne, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Kuku wa kudonoa ndiye mwenye siku, ametoka Unguja huyo. Hakuna mtoto aliyekuja barazani.

Jumatano, 27 Aprili

Nimemwambia Bi Sitara. Nilimfuata jikoni uani akikuna nazi, nikapiga magoti kabisa kwenye maji ya mvua, nikasema yote, mpaka sabuni.

Hakuacha kukuna. "Najua," akasema. "Bushiri aliniambia siku ile ile. Nilimwambia asiseme kwa watu, nikangoja useme mwenyewe."

"Na chakula ulichokuwa unanipa?"

"Wewe ni mpangaji wangu, ulikuwa na njaa. Ningefanyaje?" Akakung'uta mbuzi ya nazi. "Nyanyuka, utapata baridi."

Aibu ya leo sijui niiweke wapi. Ile ya kituoni angalau ilikuwa mbele ya mgeni.

Alhamisi, 28 Aprili

Amerudi. Nimesikia vigelegele, nikasikia watoto, nikasikia sauti ya Bushiri na watu wakimwomba radhi. Bi Sitara aliwaambia nini sijui, ila jina langu sikulisikia. Nimekaa nyuma ya pipa la maji kama katoni.

Jumamosi, 30 Aprili

Sanduku nalo limerudi, bila nyani. Labda yuko nyumbani kwa mtu, anapigia watoto wa mtu matoazi. Mwinyimvua alilifungua barazani, akawaita watoto, akagawa. Garimoshi kwa huyu, roketi kwa yule, mwanasesere kwa kitoto cha Zamda. Hakupiga kelele, hakuhadithia. "Chukueni mkachezee," alisema tu. Mtoto mmoja akamwuliza siku ya treni itakuwaje, akajibu kwamba treni sasa ni ya kila siku. Jioni nimeliona likiburuzwa kwa kamba kwenye dimbwi mbele ya nyumba ya Bushiri, limeng'oka gurudumu. Mwinyimvua alikuwa analiona pia.

Jumapili, 1 Mei

Mtani akivuka mpaka hulipa kuku. Ndivyo ilivyo, hata mahakama haiingilii. Unaleta kuku, mwenzako anamtukana kuku, anakutukana wewe, anakwambia kuku mwenyewe kakonda kama babu yako, mnamla pamoja, yamekwisha. Nimenunua jogoo mkubwa Kariakoo, mwekundu, nimemlilia bei mpaka nikaona haya.

Mwinyimvua alikuwa anafunga waya kwenye mwavuli. Amepungua sana, shati limekuwa la mtu mwingine. Nikamweka jogoo miguuni pake, nikajilazimisha. "Mzaramo," nikasema, "nimekuletea ndugu yako."

Alimtazama jogoo. Kisha akanyanyuka, akanisogezea kigoda chake.

"Ahsante sana, Mama Evarista," akasema. "Usingejisumbua. Karibu ukae."

Sikujua mtu anaweza kupigwa kwa kukaribishwa. Miaka saba hajapata kuniita hivyo. Nikajaribu tena, nikamwambia kumbe mahabusu kunanenepesha, mbona amerudi na kitambi. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kumpa mgeni.

"Tunamshukuru Mungu, mama. Na huko Songea, mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi."

Jogoo aliliwa. Nililetewa paja, limefunikwa vizuri, na sahani ya pilipili pembeni.

Jumatano, 4 Mei

Mvua ndogo.

Jumapili, 8 Mei

Nimejaribu asubuhi tatu mfululizo. Nimemwita mla pweza, nimemwambia Wazaramo watauza na mwezi kwa ajili ya ngoma. Kila mara anasikiliza mpaka nimalize, kisha ananiuliza habari za kazi. Bi Sitara anageuza uso. Scholastika, aliyekuja kunitembelea leo, ameniambia, "Una bahati, mama, mwenye nyumba wako mstaarabu kweli."

Jumapili, 15 Mei

Masika yanaisha, leo jua limetoka tangu asubuhi. Nimetembea kutoka Msimbazi nikilitengeneza tusi moja zuri, la kuwahusu babu zake, nikalirudiarudia njia nzima nikicheka peke yangu, maana lile asingeweza kulivumilia, lazima angejibu.

Alikuwa barazani anatia mafuta cherehani ya mtu. Nikasimama mbele yake, tusi liko mdomoni tayari. Akainua macho, akanitazama kama mzee yeyote anavyomtazama mwanamke yeyote wa mtaani anayepita na kitabu cha sala, akingoja niseme ninachotaka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akarudi kwenye cherehani yake.